Nendeni kwa Asiye na Watoto

Mtu akikuambia kwamba maneno hayaoti, mwulize kama amewahi kuamia ndege shambani. Neno hurushwa asubuhi kama jiwe la kombeo, likaanguka mahali usipopaona, na hapo usipopaona ndipo linapotoa majani. Raheli mke wa Mathayo aliyajua hayo mwaka ule wa kwanza baada ya watu kuhamia kijiji kipya, si mbali na Misigiri. Mama yeyote mwenye ulimi mwepesi na shamba jembamba na asikilize.

Raheli alikuwa mama wa hofu. Hakuogopa simba wala mchawi. Aliogopa chungu kitupu. Mvua ikichelewa, tumbo lilimuuma. Mvua ikiwahi, lilimuuma vilevile, maana mvua iliyowahi kuja huwahi kuondoka. Mtoto akikohoa alikosa usingizi, na mtoto asipokohoa alimtikisa ajue kama anapumua. Mumewe Mathayo, mtu mpole aliyependa kukaa, alikuwa akisema, "Huyu hata akifika mbinguni, kabla ya kusalimia malaika ataomba aonyeshwe ghala."

Lakini hofu ile ilikuwa na mzizi. Mwaka wa njaa, ule wa unga wa njano ambao watu waliuita Yanga, Raheli alimpandisha mwanawe wa kwanza, Alute, kwenye lori la wachuuzi wa asali, aende Itigi kwa mama yake mdogo akale huko mpaka mavuno. Mavuno yakaja, Alute asije. Habari zake zililetwa na wenye asali: kwamba anauza karanga pale stesheni, kwamba anazijua treni kwa mlio, kwamba amenenepa. Hayo Raheli aliyapokea. Ila siku alipoambiwa kwamba Alute aliwekewa ugali wa mtama akauliza, "Hiki cheusi ni nini?", siku hiyo Raheli hakula.

Sasa alibaki na Klara, msichana wa kuanza shule, mwenye miguu myembamba na maswali mengi. Na Mathayo alikuwa amekwisha kusema, bila ubaya wowote, huku akichokonoa meno, "Mtama usipotoka, Klara naye apande lori. Itigi si Ulaya."

"Kwani Alute nilimpeleka Ulaya?" Raheli akamjibu. "Mbona hajarudi?"

Basi jambo lenyewe lilikuwa hilo. Mtama ukitoka, mtoto anabaki. Mtama usipotoka, lori.

Na mtama ulikuwa umekubali. Mvua ilinyesha kwa adabu, bwana shamba alipita akasema mtama ndio wa kwetu, nao ukasimama ukampita Mathayo kimo. Kilichobaki ni ndege.

Zamani, kabla ya kijiji, kila mji wa mtu ulikaa peke yake katikati ya shamba lake, na kati ya mji na mji palikuwa na pori la kutosha kumpoteza ng'ombe. Ndege ukiwafukuza walikwenda porini, ukashukuru Mungu, ukateremka kutoka kwenye dungu, lile jukwaa la miti la kulindia shamba. Tena kulikuwa na maneno ya kuwaaga. Bibi yake Raheli aliyasema, mama yake akayasema, naye Raheli aliyanyonya pamoja na maziwa: "Haya, nendeni! Nendeni kwa asiye na watoto!" Asiye na watoto alikuwa nani? Hakuwa mtu. Alikuwa kichaka, na jiwe, na kichuguu.

Kijijini mambo yalikuwa mengine. Nyumba zilipangwa kwa kamba kandokando ya barabara, zimenyooka kama vitanda vya wagonjwa, na nyuma ya kila nyumba shamba lake, refu na jembamba kama kanga iliyoanikwa. Nyumba ya kwanza, upande wa mbuga walikolala ndege, ilikuwa ya Raheli. Ya pili ya wifi yake, Dorika. Ya tatu ya mwenyekiti wa kijiji, mzee Ezekieli. Kisha wengine, na wengine, mpaka mwisho wa safu ambako pori lilianza. Kati ya mtama wa Raheli na mtama wa Dorika palikuwa na tuta moja tu, ambalo kuku aliliruka bila kufungua mabawa.

Huyo Dorika alikuwa dada mkubwa wa Mathayo. Mama yao alipofariki, Dorika ndiye aliyembeba Mathayo mgongoni mpaka mtoto akamshinda kwa uzito. Aliolewa upande wa Kiomboi, akakaa huko miaka, hakupata mtoto, akarudi na sanduku moja na chungu kimoja, wala hakumwambia mtu habari zaidi ya hapo. Maneno yake yalikuwa machache na mazito kama mawe ya kusagia. Klara alishinda kwake kuliko alivyoshinda kwao, na kwa kuwa alirithi jina la marehemu bibi yake, Dorika alimwita "mamangu". "Mamangu, njoo ule." "Mamangu, futa kamasi." Raheli hakuona neno. Sahani inayoliwa kwa wifi ni unga uliobaki kwako.

Mtama ulipoanza kutia maziwa, kweleakwelea wakaja. Walipanda kutoka mbugani kama moshi usio na moto, wakazunguka, wakashuka. Raheli alikuwa tayari juu ya dungu, debe mkononi, kombeo kiunoni, kanga imekazwa. Akapiga debe mpaka meno yakamcheza, akapaza sauti ile ya mama yake na bibi yake:

"Haya, nendeni! Nendeni kwa asiye na watoto!"

Ndege wakainuka wote kwa pamoja, wakajikunja angani mara moja, wakashuka kwenye mtama wa Dorika.

Raheli aliwaona wakishuka. Na kwa mazoea tu, akashukuru Mungu.

Hazikupita dakika nyingi debe la Dorika likalia, ndege wakarudi kwa Raheli. Raheli akapiga, wakaenda kwa Dorika. Dorika akapiga, wakaenda kwa mwenyekiti. Mke wa mwenyekiti akapiga sufuria, wakarudi kwa Dorika, na Dorika akawapitisha kwa Raheli kama mtu anayepitisha sahani ya kachumbari.

Ndipo yakaanza mashindano. Raheli aliongeza debe la pili, akalifunga juu ya mti kwa kamba, akawa analivuta kwa mguu. Dorika akapata rimu ya gurudumu la lori bovu, akaipiga kwa nondo, na sauti yake ilifika mpaka kwa watu wasio na mashamba. Raheli akamtoa Mathayo kitandani, akamkalisha juu ya baiskeli yake iliyoinuliwa kwa mawe, apige kengele huku akinyonga pedali mahali pamoja. Wapita njia walimwuliza, "Safari ya wapi, baba Alute?" Naye akajibu, "Kwa mke wangu. Bado sijafika."

Mzee Ezekieli naye, kwa kuwa mkewe alimwambia kwamba mwenyekiti ambaye mtama wake unaliwa ni mwenyekiti wa ndege, alikwenda ofisini akafungua kile kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa ajili ya kuitia mikutano, akaja kukifunga kwenye dungu lake. Asubuhi ya kwanza alipokigonga, watu waliacha kazi zao wakajaa ofisini. Wakakaa, wakangoja. Mwenyekiti hakuwepo, alikuwa juu ya dungu akirusha mawe. Wakarudi wakinung'unika. Kesho yake ikawa vilevile. Ikafika mahali reli ikilia watu wanainama zaidi kwenye majembe. Hata siku alipokuja mgeni kutoka wilayani na mkutano ukawa wa kweli, mzee Ezekieli aliufungua mbele ya mgeni huyo na mbuzi wawili waliokuwa wamelala barazani. Mgeni aliuliza kama hiyo ndiyo halmashauri.

Na ndege? Ndege walinawiri. Chai walikunywa kwa Raheli, mlo wa mchana kwa Dorika, jioni kwa mwenyekiti. Hakuna aliyekuwa akiwafukuza. Watu walikuwa wakiwaandalia na kuwahamisha meza.

Jioni moja Klara alirudi kutoka kwa shangazi yake, akakaa karibu na jiko, akasema, "Mama, asiye na watoto ni nani?"

"Asiye na watoto wa wapi?"

"Yule unayewaambia ndege waende kwake. Shangazi ameniuliza kama namjua."

"Ni maneno tu ya ndege hayo," Raheli akasema, akiwa ameinamia mlenda usimwagike. "Mwambie shangazi yako ni maneno ya ndege."

Klara akaenda akasema. Na hapo, mama mwenye ulimi mwepesi, ndipo pa kushika neno na kuacha mlenda umwagike. Raheli hakushika kitu. Aliokoa mlenda.

Asubuhi iliyofuata rimu ya Dorika haikulia.

Raheli alipiga debe, akaimba maneno yake, ndege wakahamia kwa wifi. Akangoja warudi. Hawakurudi. Akachungulia. Dorika alikuwa ameketi juu ya dungu lake, mikono mapajani, ameshika nondo kama mwanamke aliyeshika mwamvuli kanisani. Ndege walikuwa wamelijaza shamba lake zima, wanakula kwa sauti kama mvua juu ya bati, naye anawatazama.

Hapa lazima kusema kweli ingawa inaaibisha. Raheli alifurahi. Aliteremka, akachoma kiazi, akakila kwa starehe chini ya kivuli cha dungu. Mathayo akaruhusiwa kushuka baiskeli. Siku ile hakuna ndege aliyevuka tuta, na Raheli alipita katikati ya mtama wake akishika masuke, akaona chakula cha Klara kimening'inia hapo, kizima, mpaka mwezi wa mvua nyingine.

Siku ya pili Dorika akaketi vilevile. Siku ya tatu ndege walikuwa wamekula nusu ya shamba lake, wakabakiza mabua yenye vichwa vitupu kama vijiti vya mswaki. Kwa kuwa hapo pana amani, walikuwa wamewaita na ndugu zao. Wingu lile la kwanza sasa lilikuwa na wajukuu. Na walipoanza kubanana kwa Dorika, kundi moja likaruka tuta bila kualikwa, halafu jingine.

Raheli akatupa kombeo, akaenda kwa wifi yake. Alisimama chini ya dungu, shingo juu.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba."

"Mbona kimya? Rimu imepasuka?"

"Rimu nzima."

"Mkono unauma?"

"Mkono mzima."

"Sasa wifi, si ndege wanakula?"

"Nawaona," Dorika akasema. "Lakini hawa mimi siwafukuzi. Ni wageni wako. Kila asubuhi nakusikia ukiwaelekeza: nendeni kwa asiye na watoto. Wamefuata njia, wamefika. Mgeni aliyeelekezwa kwako na ndugu yako, unampigia debe?"

Raheli alihisi kama mtu aliyekanyaga kaa la moto akiwa kanisani, pa kuruka hapana.

"Wifi, yale ni maneno ya wazee. Hata mama yangu alikuwa..."

"Mama yako mbele yake palikuwa na pori," Dorika akasema taratibu. "Mbele yako wewe nipo mimi."

Kisha akageuza uso, akawatazama wageni wake.

Raheli alirudi nyumbani akiwa amekasirika, maana aibu ikiingia kwa mtu wa hofu hutokea mlangoni ikiwa hasira. Alimwambia Mathayo kwamba dada yake ana kiburi, kwamba mtu mzima hawezi kugombana kwa ajili ya maneno ya ndege, kwamba yeye Raheli hakumtaja mtu jina. Mathayo akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungemtaja jina ingekuwa afadhali. Jina angeweza kubisha."

"Basi nenda wewe ukamwombe radhi. Ni dada yako."

Mathayo hakuogopa kitu duniani kama dada yake, lakini alikwenda. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa anafuta mdomo.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia shikamoo."

"Halafu?"

"Halafu akaniwekea chakula. Mtu hazungumzi mdomo umejaa."

"Na ulipomaliza?"

"Nikasema asante, dada."

Raheli alimtazama mumewe kama anavyotazamwa ng'ombe aliyekula nguo.

"Ila yeye ndiye aliyesema neno," Mathayo akaongeza, na sasa hakuwa akicheka. "Amesema huo ulikuwa unga wake wa mwisho mwisho. Amesema mwaka huu havuni, lakini haidhuru, lori la asali likipita atapanda. Itigi hawezi kukosa mtu anayetaka wa kumtwangia. Ameshafungua lile sanduku lake, anakunja nguo."

Klara alikuwa ameketi mlangoni akiwasikiliza. Akasimama, akaenda kwenye pembe yake, akatoa gauni lake la pili, akaanza kulikunja na yeye.

"We Klara, unafanya nini?"

"Shangazi akienda, na mimi naenda naye," Klara akasema. "Huko atamwita nani mamangu?"

Raheli alikaa chini. Mtama ulikuwa nyuma ya nyumba, umesimama, mwingi, mzuri, ameulinda kwa koo lake mpaka likakauka. Na mtoto aliyeulindia alikuwa anakunja gauni.

Alfajiri ndege walipoinuka kutoka mbugani, Raheli hakupanda dungu lake. Alichukua debe, akavuka tuta, akapanda dungu la Dorika. Dorika alikuwa mlangoni kwake akichekecha makapi ya unga, akasimamisha ungo hewani.

Ndege wakaja. Wakapita juu ya shamba la Raheli, wakaenda moja kwa moja walikozoea kukaribishwa. Raheli akapiga debe. Akafungua kinywa, na maneno ya bibi yake yakaja yenyewe mpaka kwenye ulimi kama ng'ombe anayejua zizi. Akayameza. Akatafuta mengine, hakuna. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kuwaambia ndege kitu kingine. Ndege wakaanza kutua.

"Nendeni!" akapaza sauti. "Nendeni kwa... nendeni kwa Raheli! Kwa Raheli mke wa Mathayo, nyumba ya kwanza! Mtama upo!"

Nao ndege, ambao siku zote walikuwa wasikivu, wakainuka wote, wakajikunja angani mara moja, wakashuka kwa Raheli.

Mathayo alitoka nje na mswaki mdomoni. Akamwona mkewe yuko juu ya dungu la dada yake, anapiga debe na kuwaita ndege waje kula shamba lake mwenyewe. Akautoa mswaki.

"Mama Alute," akasema kwa upole, kama anavyosemeshwa mgonjwa, "umepotea dungu."

"Sijapotea," Raheli akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka, na debe halikupumzika. "Nendeni kwa Raheli! Ana watoto wawili, mmoja haujui ugali, mwingine anakunja nguo! Nendeni mkale!"

Dorika akaweka ungo chini. Akachukua nondo, akaing'oa rimu kutoka mtini, akavuka tuta kwa hatua ndefu, akapanda dungu la Raheli bila kuomba ruhusa.

"Huyu mwehu atamwua mwanangu kwa njaa," alisema, na akaigonga rimu.

Ndege wakapanda. Wakataka kwa Dorika, Raheli yupo. Wakataka kurudi kwa Raheli, Dorika yupo. Kwa mara ya kwanza tangu wafike kijiji kile walikosa meza. Wakazunguka, wakaenda kwa mwenyekiti, naye mzee Ezekieli akagonga reli yake kwa nguvu zote.

Reli haikumleta mtu. Watu walikwisha kuizoea. Kilichowaleta ni kingine. Kijiji kizima kilisikia jina la Raheli likipigiwa kelele kutoka kwenye dungu la Dorika, na sauti ya Dorika ikitukana kutoka kwenye dungu la Raheli, na kila mtu akaelewa kwamba mawifi wamefikia pale walipokuwa wakingojewa kufika. Watu wakateremka kwenye madungu yao wakaja mbio, wanawake kwa wanaume, na kwa haraka hakuna aliyeacha debe lake. Melkiori fundi baiskeli alikuja na sufuria mbili, akasema asije akakosa mahali pa mbele.

Mzee Ezekieli alipoona watu wote wale wamesimama mahali pamoja, alijinyoosha juu ya dungu lake.

"Ndugu wananchi," akasema kutoka juu. "Kumbe mnaweza kuja. Mkutano hamji, ugomvi mnakuja. Sasa kwa kuwa mmetimia, ningependa kuanza na taarifa ya mgeni wa wilayani..."

"Mwenyekiti," Dorika akamkata, naye Dorika hajawahi kumkatiza mtu, "taarifa baadaye. Ndege wako juu. Wewe ndiwe wa tatu na mimi wa pili na huyu kichaa wa kwanza. Tukiwapiga kila mtu kwa zamu yake tutawazungusha mpaka Krismasi. Watu wajipange hapa kwa Raheli, upana wote wa shamba, tuwasukume kwenda upande mmoja, mpaka tuwatoe mwisho wa safu. Kule ndiko kwa asiye na watoto."

Aliposema hivyo alimtazama Raheli. Raheli akatazama debe lake.

Wakajipanga. Wakaingia kwenye vijia vya mtama kama kwaya inayoingia kanisani, madebe, sufuria, rimu, kengele ya Mathayo aliyoing'oa kwenye baiskeli, wakasonga mbele pamoja, na hakuna aliyepiga kuelekea nyuma. Ndege wakahama kwa Dorika, wakahama kwa mwenyekiti, wakahama nyumba kwa nyumba. Walipofika mwisho wa safu palibaki pori tu. Wakaenda porini. Mzee Ezekieli, aliyechelewa kwa sababu ya kufungua reli, alifika akihema akauliza nani aandike azimio.

Siku mbili baadaye wazee wanne walikuja kwa miguu kutoka kijiji cha ng'ambo ya kilima. Wakasalimu, wakapewa vigoda, wakakohoa.

"Tumekuja kwa ajili ya ndege wenu," akasema mkubwa wao.

"Ndege wetu?" akauliza mzee Ezekieli. "Wana kadi ya kijiji hiki?"

"Wamelala kwenu. Wamekula kwenu. Sasa wako kwetu, wamenenepa kwa mtama wenu."

Mzee Ezekieli alitaka kubisha, lakini Dorika, aliyekuwa akipita na maji kichwani, alisimama. "Hata sisi tulidhani ukivuka tuta ndege si wako," akasema, akaenda zake. Basi wakakaa, wakapatana: reli ikilia huku alfajiri, ngoma itajibu kule, na watu wa kule watawasukuma mbele badala ya kuwarudisha. Habari ikafika Misigiri, nao wakatoa madebe yao. Ndege hawakuisha; ndege hawamaliziki. Ila walikosa mahali pa kukaa kitako.

Mavuno yalipokuja, hayakuwa ya kujivunia. Shamba la Dorika lilitoa nusu, la Raheli lilikuwa na pengo kubwa katikati, pale alipowakaribisha wageni asubuhi ile. Raheli alipima kwa macho, akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Dorika akaja na kikapu chake, akasimama.

"Kihenge changu kikubwa," akasema. "Mtama wangu mdogo. Wako nao umepungua. Vihenge viwili nusunusu vinalisha panya. Ulete wako kwangu."

"Na ufunguo ashike nani?" akauliza Mathayo, kwa utani.

"Asiyeshika ni wewe."

Wakaweka pamoja. Kikajaa. Raheli alikigonga ubavuni kila alipopita, kusikia kama bado kinaitika, na kilikuwa kinaitika.

Lori la asali lilipita wakati wa upepo. Dereva alisimama mbele ya nyumba ya kwanza, akauliza kama ni kweli kuna abiria, maana aliambiwa wawili, mama mmoja na mtoto. Dorika alitoka na gunia dogo la mtama, Klara akilishika mkia. Wakalipandisha pale ambapo Alute alikuwa ameketi mwaka ule.

"Abiria ni huyu," Raheli akasema. "Mpeleke kwa mdogo wangu, stesheni. Amwambie Alute hiki cheusi kinaitwa chakula. Ampikie mpaka akumbuke."

Safari iliyofuata dereva alirudi na debe la asali na chumvi, akasema watu wa Itigi wanauliza kama huku mtama wa namna ile upo zaidi, wao watatoa asali. Raheli akamwuliza habari moja tu.

"Amekula," dereva akasema. "Akauliza kama upo mwingine. Akauliza na lori linarudi lini."

Raheli aliingia kwa Dorika akachungulia kihenge kama kitamtosha na Alute.

Mwaka uliofuata mtama ulipotia maziwa, alipanda dungu lake alfajiri, Dorika akapanda lake, na kati yao Klara akapewa kazi ya kengele. Ndege wakaja kutoka mbugani kama moshi. Raheli akainua debe, akavuta pumzi, na maneno ya bibi yake yakaja yenyewe.

"Haya, nendeni! Nendeni kwa a..."

Ng'ambo ya tuta, Dorika akakohoa kidogo.

"Nendeni," Raheli akasema. "Basi. Nendeni tu."